Kufuta au Kupogoa? Tahakiki ya Istilahi za Kanzidata

Mfasiri anayeandika kwamba kanzidata "hufuta safuwima zisizohitajika" kabla ya kujibu ulizo ametenda kosa lisilo dogo. Katika lugha ya SQL, ambayo chanzo chake ni kazi ya Chamberlin na Boyce wa IBM mwaka 1974, kufuta safuwima ni amri nyingine kabisa: data huondoka. Karani asomaye sentensi ile ana haki ya kuogopa kuuliza.

Tuchukue jedwali la walimu lenye safuwima 40. Ulizo la ndani laomba zote kwa alama ya nyota. Ulizo la nje linalolizunguka lataka jina na shule tu. Kabla ya kusoma chochote, programu hupanga njia ya kulifikia jibu, na mpango huo huwa na umbo la mti. Safuwima 38 zisizotajwa popote, hata katika masharti, huondolewa katika mti huo, si katika jedwali. Ndiyo sababu twapendelea kupogoa, neno ambalo mkulima wa kahawa hahitaji kufafanuliwa.

"Kiboreshaji cha ulizo" nacho hakituridhishi. Chaahidi mno. Chombo hiki huchagua tu, miongoni mwa njia zitoazo jibu lile lile, ile inayokadiriwa kuwa na gharama ndogo. Selinger na wenzake, mwaka 1979, waliita kazi hiyo uteuzi wa njia. Kipangaji kingefaa zaidi (na kuweka majina kwa alfabeti kuitwe kupangilia, tusichanganye). Anayetia nyota katika ulizo la nje kabisa atapewa safuwima zote 40, kwani ndizo alizoomba.

Upogoaji wenyewe una mipaka. PostgreSQL huweka data za safumlalo moja pamoja, katika kurasa ambazo kwa kawaida ni za baiti 8,192. Anayetaka safuwima mbili husomewa ukurasa mzima, isipokuwa pale faharasa yenye safuwima hizo inapotosha; faida iliyobaki ni mzigo mwepesi wakati wa kupangilia na kuunganisha majedwali. ClickHouse huhifadhi kila safuwima peke yake, na huko iliyopogolewa haisomwi kabisa. Mfasiri asemaye "safu" tu, bila wima wala mlalo, hawezi kuieleza tofauti hii, nasi hatuoni kuwa urefu wa neno "safuwima" ni dosari.