Mwana Kupona Mbele ya Wasomaji wa Kisumu

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, umezoeleka kuhakikiwa kama waraka wa utii wa mke kwa mume. Makala haya yanaupinga uhakiki huo, wala hayakusudii kumtakasa mtunzi.

Tuanze na anwani. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, waliupa anwani iliyotaja wajibu wa mke, nayo imewaongoza wasomaji wengi tangu hapo. Emily Dickinson wa Marekani (1830–1886) alipatwa na jambo kama hilo: wahariri wa diwani yake ya kwanza, mwaka 1890, walibadili uakifishaji wake na kuyapachika mashairi anwani ambazo hakuziandika.

Tukiurejea utendi wenyewe, twamkuta mjane mgonjwa akimwita bintiye, Mwana Hashima, aje karibu na wino na karatasi. Mafunzo ya ndoa ni sehemu tu. Yanatanguliwa na ya dini na adabu, yanaambatana na kumbukumbu ya mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, na mwisho huja dua ndefu. Swali linaloubeba utendi ni hili: binti ataishije mama atakapokuwa hayupo?

Wanafunzi wangu hapa Kisumu, wengi wao Wajaluo, hawakuiona hali hiyo kuwa ngeni. Mmoja alimtaja pim, bibi mzee aliyewafunza wasichana ndani ya siwindhe, akauliza mbona mafunzo yake hayaitwi fasihi. Sikuwa na jibu ila kwamba hayakupata wino.

Hata hivyo, ulinganisho huu usitupofushe. Mwana Kupona alikuwa wa tabaka la watawala, naye anamwonya bintiye asitangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Mjakazi aliyeihudumia nyumba ile naye hakupata wino. Mhakiki anayeulaumu utii wa mke na kuunyamazia utumwa ameiacha kazi nusu.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili: utendi huu usomeshwe mzima, dua na watumwa wakiwamo, na mafunzo ya pim yakusanywe kwa Kijaluo chenyewe, kando ya ziwa hili, kabla wanaoyakumbuka hawajatutoka.