Namba Kabla ya Jina: NFS Inavyoamua Nani Afungue Faili

Folda ya pamoja ikikataa kufunguka, mafundi wengi hukimbilia dawa moja: chmod 777. Kweli faili zinafunguka na watu wanarudi kazini, lakini tangu dakika hiyo kila anayeifikia folda ile anaweza kusoma, kubadili na kufuta kazi ya mwenzake. Dawa hiyo ni ya kukataa kabisa, maana mara nyingi ugonjwa hauko kwenye ruhusa za folda. Kwenye NFS, mfumo wa faili za mtandao uliozoeleka kwenye Linux na Unix, swali la kwanza ni la utambulisho: seva inakuona wewe ni nani? Ruhusa zinafuata baada ya hapo.

Sababu iko kwenye namna mfumo huu ulivyoundwa. Wahandisi wa kampuni ya Sun Microsystems ya California, akiwemo Russel Sandberg na Bob Lyon, waliueleza muundo wa NFS kwenye mkutano wa USENIX wa kiangazi cha 1985. Walitaka faili iliyo kwenye diski ya mbali isomwe na programu ileile, bila kuiandika upya, kana kwamba iko kwenye diski ya kompyuta hiyohiyo. Walitaka pia seva ikizimika ghafla na kuwaka tena, kazi iendelee ilipoishia. Kwa hiyo waliamua seva isitunze kumbukumbu ya nani amefungua faili gani. Kila ombi lijitosheleze, na likikosa jibu, lirudiwe.

Lakini seva isiyokumbuka mtu inabidi itambulishwe upya kwa kila ombi. Sun walitumia kile ambacho Unix tayari ilikuwa nacho: namba ya mtumiaji (UID), namba ya kikundi (GID) na orodha ya vikundi vyake vya ziada. Jina la akaunti halisafiri, wala nywila. Seva inaziamini namba hizo kama zilivyoletwa, mfano wa askari wa getini anayemruhusu mgeni kwa kusoma kadi ambayo mgeni mwenyewe ameijaza.

Tutazame jambo hili kwa karibu. Kwenye seva ya ofisi ya gazeti, akaunti ya kwanza kufunguliwa ni mhariri. Debian na Ubuntu huipa akaunti ya kwanza namba 1000. Kwenye kompyuta ya chumba cha hesabu, akaunti ya kwanza ni mhasibu, nayo pia imepata 1000. Folda ya mhariri ikipachikwa (mount) kwenye kompyuta hiyo, mhasibu ataifungua kama mwenye mali. Akiandika ls -l ataona jina lake kwenye kila faili ambayo hajawahi kuigusa. Akiandika ls -ln, majina yanaondoka na 1000 inabaki. Amri hiyo ya pili ndiyo inayosema ukweli wa seva, na ndiyo ya kuanza nayo kila ruhusa zinapoleta utata.

Sun walilijua tatizo hili tangu mwanzo. Ndiyo maana waliisindikiza NFS na huduma ya orodha moja ya akaunti kwa mtandao mzima, ambayo baadaye iliitwa NIS, ili namba ya mtu iwe ileile kila mahali. Leo kazi hiyo inafanywa na LDAP, FreeIPA au Active Directory. Ofisi yenye kompyuta chache inaweza kupanga namba kwa mkono, kwa useradd -u na groupadd -g, mradi namba hizo ziandikwe mahali na kuheshimiwa na kila fundi.

Mtumiaji mwenye namba 0, yaani root, alihitaji ulinzi wa pekee, kwani kila mwenye kompyuta yake ni root humo. Muundo wa 1985 ulimgeuza root wa mbali kuwa nobody, mwenye namba -2, kabla ya kukagua ruhusa. Kwenye biti 16, -2 huandikwa 65534, na hadi leo hiyo ndiyo namba ya nobody kwenye Linux nyingi. Ukikuta faili mpya kwenye folda ya pamoja ni mali ya nobody, huenda iliandikwa na root aliyegeuzwa hivyo. Chaguo linalofanya kazi hii ni root_squash, nalo huwa limewashwa lenyewe. Usilizime kwa ajili ya kurahisisha kazi. Fahamu pia mpaka wake: root wa kompyuta ya mbali anaweza kuandika su mhasibu, akavaa namba 1000, na seva ikampokea bila swali.

Sasa tupange kazi yenyewe. Baada ya kulinganisha namba, tengeneza folda kwenye seva, unda kikundi wahariri, kisha toa ruhusa kwa kikundi:

chgrp wahariri /srv/habari
chmod 2770 /srv/habari

Tarakimu 2 ya mwanzo ni biti ya setgid: kila faili itakayozaliwa humo itarithi kikundi wahariri badala ya kikundi cha aliyeiandika. Hapa wengi husimama, kisha hushangaa mhariri wa pili anaposoma faili asiweze kuibadili. Kinachomzuia ni umask, namba inayoondoa baadhi ya ruhusa kwenye kila faili mpya. Kwenye mifumo mingi thamani yake ni 022, hivyo faili mpya huzaliwa na 644 na kikundi hunyimwa haki ya kuandika. Waandishi wa folda hiyo wapewe umask 002, au 007 kama watu wengine hawatakiwi hata kusoma. Njia nyingine ni kuweka ACL (orodha ya ruhusa) ya kurithiwa kwa setfacl -d. Kwa muda mrefu njia hiyo ilisumbua kwenye NFSv4, kwa sababu kompyuta ya mtumiaji ilikata ruhusa kwa umask kabla ombi halijafika kwenye seva. RFC 8275 ya mwaka 2017 ilirekebisha kasoro hiyo kwa toleo la 4.2, kwa kuiachia seva uamuzi.

Hatua inayofuata ni kutangaza folda kwenye /etc/exports:

/srv/habari 192.168.10.0/24(rw,sync,no_subtree_check)

Uangalie sana mstari huu. Kati ya anwani na mabano hakuna nafasi. Ukiacha nafasi moja tu, maana inageuka: mtandao wako unapewa machaguo ya kawaida, yaani kusoma tu, na mabano yaliyojitenga yanampa kila mtu duniani anayeifikia seva hiyo haki ya kuandika. Fundi atakachokiona ni watu wake kushindwa kuandika, naye kwa hasira ataandika chmod 777, na hapo mlango unakuwa wazi pande zote mbili. Baada ya kuhariri, endesha exportfs -ra, kisha exportfs -v ili usome jinsi seva ilivyoelewa ulichoandika.

Kwenye kompyuta ya mtumiaji, mstari wa /etc/fstab ni mfupi:

seva:/srv/habari /mnt/habari nfs4 hard,_netdev 0 0

Neno _netdev linaufahamisha mfumo kwamba upachikaji huu unategemea mtandao. Neno hard linaagiza programu isubiri seva irudi. Wapo wanaochagua soft ili programu zisigande, lakini soft hurudisha kosa muda ukipita, na programu isiyokagua makosa yake inaweza kuacha faili imeandikwa nusu. Kwa folda inayoandikwa, hard ndiyo salama.

Folda tupu ya /mnt/habari ina ruhusa zake kabla ya kupachika, na ruhusa hizo hufunikwa folda ya seva ikishapachikwa. Anayezibadili akidhani anarekebisha ruhusa za folda ya seva anapoteza muda wake. Kinachofaa ni kuwanyima wote haki ya kuandika kwenye folda hiyo tupu. Seva isipopatikana asubuhi, watu wataona kosa papo hapo, badala ya kuandika siku nzima kwenye diski ya kompyuta yao wakidhani wanaandika kwenye seva.

Kuna tatizo jingine ambalo hujificha kwa miaka. Utambulisho wa namba hubeba vikundi vya ziada 16 tu. Mtu akiwa kwenye vikundi vya ziada 20, vinne havifiki kwenye seva, naye atakataliwa kwenye folda ambayo amri ya id inaonyesha ana haki nayo. Tiba ni kuwasha manage-gids kwenye rpc.mountd, ili seva itafute yenyewe vikundi vya mtu huyo bila kutegemea orodha iliyoletwa.

NFSv4 ilileta majina ya mfano wa mhariri@mfano.or.tz na kutosheka na mlango mmoja wa mtandao, 2049. Wapo wanaodhani majina hayo yamemaliza suala la namba. Hayajalimaliza. Majina hutumika kuonyesha mwenye faili; ukitumia sec=sys, ombi lenyewe bado linakubaliwa au kukataliwa kwa namba. Kinachobadilisha msingi ni Kerberos: sec=krb5 huthibitisha mtu kwa tiketi, krb5i huongeza ulinzi dhidi ya kuchezewa kwa data njiani, na krb5p huisimba. SMB, mfumo wa faili za mtandao uliozoeleka kwenye Windows, nao humtaka mtu ajithibitishe kwa seva tangu mwanzo. Ila kwenye Linux upachikaji mmoja wa SMB kwa kawaida hutumia utambulisho mmoja kwa wote walio kwenye kompyuta hiyo, na machaguo kama uid= na file_mode= hubadili mwonekano wa upande huu bila kumpa mtu haki mpya kwenye seva.

Kwa hiyo uamuzi mkubwa hufanywa kabla ya kuandika amri yoyote. Kama kompyuta zote ziko mikononi mwa fundi mmoja na hakuna mtumiaji mwenye root, namba zilizopangwa vizuri zinatosha, na NFS ya kawaida itawahudumia watu kwa miaka bila usumbufu. Kama watu wanakuja na laptopu zao, au mtandao wa wageni umeungana na wa ofisi, namba peke yake hazilindi kitu. Kazi ya kuweka Kerberos ni ya lazima, hata ikichukua wiki nzima. Faili za mishahara, za wagonjwa na za wanafunzi ni amana ya watu, na fundi anayeipachika folda ndiye anayeamua nani mwingine atazisoma.