Petroli Haikupanda: Jinsi Habari ya Gazeti Ilivyohamia Redioni

Mama ntilie wa nyuma ya chuo chetu alikuwa akimenya ndizi mbichi, mgongo ameupa mlango, niliposimama nyuma yake na karatasi mkononi. Ndilo lilikuwa sharti la zoezi letu la kugeuza habari ya gazeti kuwa ya redio: msomee habari mtu mwenye kazi mikononi, asiyekutazama, kisha umuulize amesikia nini. Nikamwamkia, nikaomba radhi kwa usumbufu, nikasoma. Nilipomaliza hata hakugeuka.

"Kwa hiyo petroli imepanda tena, mwanangu?"

Petroli haikuwa imepanda. Nilikuwa nimemsomea kwamba haitapanda.

Habari yenyewe ilikuwa ya mazoezi. Tarakimu zake mwalimu alizibuni, ila mtindo ni ule ule tunaoukuta gazetini kila EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei za mafuta, Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ilianza hivi: "Bei kikomo ya petroli inayoingia nchini kupitia Bandari ya Dar es Salaam haitapanda mwezi huu na itabaki kuwa Sh2,825 kwa lita, huku dizeli ikipungua kutoka Sh2,805 hadi Sh2,780 na mafuta ya taa yakiongezeka kwa Sh40, imeelezwa." Aya ya pili ilisema bei hizo zinaanza kutumika Jumatano saa 6:01 usiku.

Kwa macho, sentensi ile haina kosa. Msomaji akipotea katikati anarudi mwanzo, na zile tarakimu zinamsubiri pale pale. Mimi niliipunguza kidogo, nikaondoa "imeelezwa", nikaamini nimeshaandika habari ya redio.

Tangu siku ile nimeisoma kwa sauti mara nyingi, nikitafuta mahali nilipompoteza yule mama. Kabla ya kitenzi kuna maneno kumi na mawili. Ukifika kwenye "Salaam" pumzi imekwisha na sauti imeshuka. Hapo ndipo kinapokuja kitenzi, tena kimebeba habari nzima kwenye silabi yake ya kwanza: ha. Silabi hiyo moja ndiyo inayotenganisha haitapanda na itapanda. Msomaji akiimeza, au bodaboda ikipita nje wakati huo huo, habari imegeuka. Halafu neno la mwisho lililobaki masikioni mwa mama lilikuwa "yakiongezeka". Kilichoongezeka ni mafuta ya taa, lakini kwa mtu anayepanda bodaboda kwenda sokoni alfajiri, mafuta ni petroli.

Kitabu tunachofundishiwa kiliandikwa kwa ajili ya Kiingereza. Kinasema sentensi iwe fupi, iwe na jambo moja, na uhesabu maneno matatu kwa sekunde. Ushauri wa sentensi fupi ni mzuri. Hesabu ya maneno nimeshaachana nayo. Neno letu moja, "hatutawalipa", kwa Kiingereza ni sentensi nzima. Niliandika maneno 90 nikitarajia sekunde 30, nikajipima kwa saa ya simu, zikatoka karibu 45. Lakini kitabu hakiwezi kunionya juu ya ile ha, kwa sababu kwao ukanushi mara nyingi ni neno zima linalojitegemea, na mtangazaji anaweza kulikazia. Kwetu umefichwa kwenye kichwa cha kitenzi. Dawa niliyoipata ni kuukwepa kila ninapoweza. Penye "haitapanda" andika "imebaki palepale". Penye "hawakufika" jaribu "wamekosekana". Maana haibadiliki, na sikio halina silabi ya kulipotea.

Tarakimu nazo zina mtego wa nyumbani. Andika 25,000 gazetini, kila mtu anaiona. Isome: elfu ishirini na tano. Ni 25,000 au ni 20,005? Mara nyingi mazingira yanaamua, lakini taarifa ya habari hutaja idadi ya wapiga kura, wagonjwa na magunia ya korosho, na huko mazingira hayasaidii. Bahati nzuri tuna laki. "Elfu mia mbili na tano" inakwenda pande mbili. "Laki mbili na elfu tano" inakwenda upande mmoja tu. Sijui kwa nini baadhi yetu tunaliona neno laki kama la sokoni, lisilofaa studio. Sokoni ndiko watu wanakohesabu fedha bila kukosea.

Mtego mbaya kuliko wote ni mdogo zaidi. Wanne na wanane. Mwenzangu alisoma darasani habari ya ajali yenye watu "wanne" waliofariki, na nusu ya darasa ikaandika wanane. Hapo laki haina msaada. Mwalimu alituambia tuitaje idadi, kisha tuithibitishe kwa njia nyingine: "Watu wanne wamefariki dunia, wanaume watatu na mwanamke mmoja." Anayesikia vibaya mara ya kwanza anajisahihisha mwenyewe mara ya pili. Mhariri wa gazeti angekata maneno hayo matano ya mwisho ili kuokoa nafasi. Redioni usikubali yakatwe.

Lakini lugha hii haitegi tu, pia inasaidia. "Gari liligonga ukuta, likapinduka." Hakuna anayeuliza ni kipi kilichopinduka. Ungesema "ukaanguka", sikio lingehamia kwenye ukuta bila kuelekezwa. Msaada huo unakatika tunapofika kwa binadamu, maana sote tuko ngeli moja. "Mkurugenzi alimweleza mwenyekiti kuwa angejiuzulu." Nani anajiuzulu? Gazetini tumezoea kukimbia marudio, ndipo tunapojaza "kiongozi huyo" na "bosi huyo". Redioni rudia cheo, hata mara tatu: mkurugenzi, mkurugenzi, mkurugenzi.

Na ile sentensi tuliyoizoea gazetini, "hayo yamesemwa leo na mkuu wa wilaya wakati akizungumza na waandishi wa habari ofisini kwake"? Naitetea nusu. "Hayo" inafaa redioni, inamwambia msikilizaji kwamba yaliyopita yalikuwa maneno ya mtu. Tatizo ni kwamba inakuja imechelewa. Kama jambo lina ubishi, msemaji atangulie, ili msikilizaji apime maneno tangu la kwanza. Kama ni bei iliyotangazwa na mamlaka yenye kazi hiyo, jambo litangulie na mamlaka ifuate. Ofisini kwake hakumhusu mtu.

Basi nikaandika upya:

"Bei ya petroli imebaki palepale mwezi huu. Dizeli imeshuka kwa shilingi 25 kila lita. Kilichopanda ni mafuta ya taa, shilingi 40 kwa lita. EWURA imesema bei hizi ni za mafuta yanayopitia bandari ya Dar es Salaam. Zinaanza kutumika Jumatano saa sita usiku."

Ile 2,825 imetoka. Mwenye gari ataiona kwenye bango la kituo. Msikilizaji anataka kujua imepanda au imeshuka. Kitenzi sasa kinakuja baada ya maneno matatu, pumzi ikiwa bado nzima. Na "kilichopanda ni" nimeitanguliza makusudi, ili neno "panda" lishikane na mafuta ya taa kabla halijaenda kukamata kitu kingine.

Nikarudi kwa mama ntilie. Safari hii alikuwa anaosha sahani, maji yakimiminika kwenye karai. Nikasoma. Akanyamaza kidogo, akasema, "Petroli ile ile. Taa ndiyo imepanda. Mimi natumia mkaa." Nikaona nimefaulu.

Mwalimu alinipa alama 14 kati ya 20. Chini ya sentensi ya mwisho alipiga mstari mwekundu na kuandika maneno mawili: "Usiku upi?" Saa sita usiku, Jumatano: mmoja ataelewa Jumanne ikiisha, mwingine atasubiri hadi Jumatano iishe, na kati yao kuna saa 24 na matangi kadhaa ya mafuta. Ilitakiwa niandike "usiku wa kuamkia Jumatano".