Shaba Ukutani

Fundi mzuri wa mtandao wa nyumbani huanza na kebo. Mteja humjia akiwa ameshaichagua ruta, mara nyingi ile yenye antena nyingi kuliko zote dukani, na hutamani mazungumzo yaanzie hapo. Fundi humsikiliza kwa adabu, kisha huuliza mambo ambayo hayaigusi ruta hata kidogo. Kuta ni za tofali gani? Mabomba ya umeme yamepita wapi? Darini panapandika? Kutoka sebuleni hadi chumba cha mwisho ni mita ngapi? Ruta itabadilishwa baada ya miaka michache, na swichi ya mtandao vilevile. Kebo iliyokwisha kupigiwa lipu haitoki kwa urahisi, ndiyo maana anaifikiria kwanza na kwa muda mrefu zaidi.

Kazi hii haipati wa kuisifu kwa sababu haionekani. Seremala huacha mlango, fundi marumaru huacha sakafu ambayo kila mgeni huitazama. Huyu huacha kibao cheupe cha plastiki chenye matundu mawili, pembeni mwa soketi ya umeme. Nimewatazama mafundi wa aina hii wakifanya kazi Dar es Salaam, na ninachokistahi zaidi kwao ni namna wanavyochagua: ule muda wanaokaa dukani na juu ya ngazi kabla hawajaunganisha chochote.

Nyumba zetu zinaihitaji kazi yao. Tofali za saruji na zege lenye nondo hula mawimbi ya waifai. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, ambako kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hufika unene wa nusu mita, ishara inaweza kufa kwenye chumba cha pili tu. Kebo haijali ukuta. Hata huyo anayetaka waifai kila chumba hupata iliyo bora pale kifaa cha kuirusha kinapoletewa mtandao kwa waya hadi darini.

Dukani kuna maboksi yenye majina ya Cat5e, Cat6, Cat6A na mengine yanayozidi hapo. Cat5e hupimwa hadi megahezi 100, Cat6 hadi 250, Cat6A hadi 500. Mteja huona namba kubwa akadhani ndiyo bora. Fundi huona nyumba. Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100 bila shida, na tangu 2016 kuna kiwango cha gigabiti 2.5 na 5 kilichobuniwa makusudi kwa ajili ya kebo zilizokwisha kulazwa kwenye majengo, zisije zikang'olewa. Cat6 huweza kubeba gigabiti 10 hadi mita 55 hivi, na nyumba ya kawaida haina njia ya kebo inayofika huko. Cat6A hufikisha kasi hiyo mita 100 kamili, lakini ni nene, ni ngumu, na ukiisukuma ndani ya bomba la milimita 20 lenye kona mbili utajuta. Kwa hiyo fundi huchukua Cat6 na kuhama kutoka rafu ile. Cat8, ambayo siku hizi hunadiwa kwa wenye nyumba, ilitengenezwa kwa vyumba vya seva na kwa umbali wa mita 30 tu. Sioni kazi yake sebuleni.

Akishachagua daraja, bado hajachagua kebo. Hapa ndipo ujuzi unapoanza kuonekana, na pa kuuona ni Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa walio Nairobi.

"Kaka, hii ni shaba tupu?"

"Orijino hiyo, bosi. Imeandikwa hapo."

"Nikatie kipande nikwangue."

Muuzaji aliyezoea mafundi hukata bila kununa. Fundi humenya ganda, huchukua waya mmoja na kuukwangua kwa wembe. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Alumini iliyovishwa shaba hutoa weupe mara tu ngozi ya juu inapoondoka. Kabla ya hapo alikuwa ameshalinyanyua boksi, kwani uzito wa alumini haufiki hata theluthi moja ya ule wa shaba kwa ujazo uleule, na mkono uliobeba maboksi mengi ya mita 305 huijua tofauti hiyo mapema kuliko macho. Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba. Hukatika ikikunjwa mara chache. Ukiipitishia umeme wa kuendeshea kamera, hupata joto ndani ya ukuta ambako hakuna wa kulihisi. Viwango vya kimataifa vya kebo hizi vinataka shaba, si kitu kilichovalishwa shaba, hata kama boksi limepigwa chapa ya Cat6 kwa herufi kubwa. Shaba ya Zambia na ya Katanga husafirishwa kwenda ng'ambo kupitia bandari ya Dar es Salaam, na inaniuma kwamba mwananchi wa mji huohuo anauziwa alumini kwa jina la shaba.

Kebo yenyewe inastahili kutazamwa kwa utulivu. Ndani ya ganda mna nyaya 8 zilizosokotwa mbilimbili: bluu, chungwa, kijani, kahawia, kila moja na mwenzake mweupe mwenye mstari wa rangi hiyo. Alexander Graham Bell ndiye aliyepewa hataza ya kusokota nyaya jozi jozi, mwaka 1881, ili simu zisiingiliane. Waya mmoja hubeba ishara, mwenzake hubeba kinyume chake, na upande wa pili husomwa tofauti kati ya hizo mbili. Kelele inayotoka nje, ya mota ya friji au ya waya wa umeme ulio jirani, huzipiga zote mbili kwa nguvu karibu sawa kwa sababu msokoto unazibadilisha nafasi kila baada ya milimita chache. Inapofika kwenye kutoa, kelele hujifuta. Na jozi nne hazikusokotwa kwa kiasi kimoja: zingelingana, jozi mbili zilizolala bega kwa bega zingeambukizana ishara njia nzima. Ndiyo maana moja imekazwa zaidi, nyingine imelegezwa kidogo, na kebo nyingi za Cat6 zina msalaba wa plastiki katikati wa kuzitenga.

Ukilijua hilo utaelewa kwa nini vidole vya fundi huwa polepole vinapofika mwisho wa kebo. Asiyejua hufumua msokoto sentimita nne au tano ili apate nafasi ya kupanga rangi vizuri, kisha hukata na kubana. Anayejua hufumua milimita 13 na kuishia hapo. Msokoto aliouziwa ndani ya boksi anaufikisha hadi kwenye meno ya moduli, kile kipande cha tundu kinachokaa ndani ya kibao.

Mpangilio wa rangi una mtego ambao umewashinda wengi. Mtindo uitwao T568B huenda hivi: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Mtu makini asiyefundishwa huona kijani kimetenganishwa na mwenzake, akaona ni ovyo, akapanga kila rangi na ndugu yake, ncha zote mbili vilevile. Kipimo cha bei nafuu chenye taa nane kitawasha zote kwa mpangilio, moja hadi nane. Kila waya umefika. Lakini pini ya 3 na ya 6 zinatakiwa kuwa jozi moja, kwa sababu 4 na 5 za katikati zilitengwa tangu enzi za simu, na sasa hizo 3 na 6 zimeangukia kwenye nyaya mbili ambazo hazikusokotwa pamoja. Ishara inapita njia nzima bila ulinzi. Mtandao utawaka, kisha utasuasua, na lawama itakwenda kwa kampuni ya intaneti. Fundi aliyefunzwa haamini taa peke yake.

Sababu nyingine ya kutoiamini ni namna gigabiti inavyofanya kazi, na hapa sichoki kushangaa. Jozi zote nne hutumika kwa pamoja, kila moja ikibeba megabiti 250 kwa sekunde, na hubeba kwenda na kurudi kwa wakati uleule kwenye shaba ileile. Ni sawa na watu wawili wanaozungumza bila kupeana zamu, kila mmoja akiitoa sauti yake mwenyewe masikioni mwake ili abaki na ya mwenzake tu. Kiwango hicho kilipitishwa mwaka 1999, na chipu inayofanya hesabu hiyo leo imo kwenye swichi ndogo za bei ya kawaida. Lakini inazitaka jozi zote nne zikiwa nzima. Jozi moja ikiwa na kasoro, aghalabu vifaa hujishusha vyenyewe hadi megabiti 100, kasi ya mwaka 1995 ambayo ilihitaji jozi mbili tu. Hakuna onyo. Video zinaendelea kucheza na mwenye nyumba hajui kwamba amepoteza sehemu tisa kati ya kumi za alichokilipia.

Kulaza kebo nitakupitia kwa haraka, ingawa ndiko jasho linakotoka. Bomba lake halichangiwi na umeme, na pale njia mbili zinapokutana zinakatana kwa pembe mraba. Kona haipindwi kwa ukali kuliko mara nne ya unene wa kebo. Kufunga hufungwa kwa mkanda laini unaofunguka, maana zile kamba za plastiki zikikazwa kwa koleo huminya msokoto. Kila chumba hupata kebo yake inayokuja moja kwa moja hadi kabati moja, na afadhali ziwe mbili. Kamba ya kuvutia huachwa ndani ya bomba kwa ajili ya atakayekuja baadaye. Kebo ya kwenda nyumba ya uani au kwenye lango lililo mbali ni jambo jingine: radi za masika hupenda nyaya ndefu za shaba zinazotoka jengo moja hadi jingine, na mafundi ninaowaamini huko hupitisha faiba, ambayo haibebi umeme kabisa.

Baada ya yote hayo ndipo swichi inaponunuliwa. Fundi husoma mstari mmoja nyuma ya boksi kabla ya mingine: uwezo wa jumla. Swichi ya matundu 8 ya gigabiti 1 inatakiwa iandikwe gigabiti 16 kwa sekunde, kwenda na kurudi kwa kila tundu, ili matundu yote yakifanya kazi pamoja yasisubiriane. Hutazama kama ganda ni la chuma na kama haina feni, kwa kuwa feni ya Dar es Salaam hujaa vumbi na kufa. Kwa gigabiti 10 huonya mapema kwamba matundu ya shaba ya kasi hiyo hutoa joto la kuhisika, na kwamba kama vifaa viwili vinakaa kabati moja, kebo fupi maalumu ya kuviunganisha ni baridi zaidi. Na kwa nyumba nyingi husema wazi kwamba gigabiti 1 inatosha. Kiutendaji hiyo ni megabaiti 115 hivi kwa sekunde: faili la gigabaiti 30 huhama kati ya kompyuta mbili kwa chini ya dakika 5, ambapo kwa megabiti 100 lingechukua zaidi ya dakika 40. Kama intaneti iliyolipiwa ni megabiti 50, swichi haitaiongeza hata moja. Fundi mwaminifu hulisema hilo kabla hajapokea pesa.

Penye kamera au vifaa vya waifai darini, huchagua swichi inayopeleka umeme kwenye kebo yenyewe. Kiwango cha kwanza, cha 2003, kilitoa wati 15.4 kwa tundu, na cha 2009 kikafikisha 30. Kwetu faida yake ni kubwa kuliko kuokoa soketi. Betri moja ikiwekwa kabatini, umeme wa mtaa ukikatika, kamera zote na waifai yote hubaki hai kutoka mahali pamoja.

Mafundi hawa hulipwa kwa pointi. Anayefumua sentimita tano na anayefumua milimita 13 hupata fedha ileile kwa kila tundu, na wa kwanza humaliza mapema akaenda kazi nyingine. Sidhani kama ni haki, na kama ningekuwa najenga, ningelipa kwa vipimo: kila pointi na kasi yake iliyoandikwa.

Maana yupo anayepima hata asipoombwa. Nilimwona mmoja akipita chumba kwa chumba na kompyuta mbili, moja ikiachwa kabatini, akirusha data kutoka hii hadi ile na kuandika namba kwenye karatasi ya kubandika ndani ya mlango wa kabati. Sebuleni 940. Chumba cha watoto 941. Chumba cha wageni 94. Akafungua kibao, akakata mwisho wa kebo na kuanza upya.

"Mwanangu, si imeshawaka hiyo?" mama mwenye nyumba akamwuliza.

"Imewaka, mama, lakini jozi ya bluu haijakaa. Nipe dakika kumi."

Akaisindilia upya, akapima, ikatoka 940. Akaiandika kwenye karatasi, akahamia chumba kilichofuata.