Fundi Asiyekimbilia Spana

Probox ikipanda kutoka Mitunguu hadi Kanyakine na mikungu ya ndizi imejaa mpaka darini, injini yake inafanya kazi ambayo gari la jijini huenda lisiifanye maisha yake yote. Mlima ni mrefu, mzigo ni mzito, na gari lenyewe lilikwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa huku. Ndiyo maana magereji ya Imenti Kusini hayakosi kazi. Na ndiyo maana nasema, anayetaka kumjua fundi hasa na aje amtazame huku, boneti ikiwa wazi.

Amtazame kabla hajashika spana. Fundi mzuri huanza na maswali. Linamisi likiwa baridi, au likishapata moto? Mlimani tu, au hata limesimama? Maji unaongeza kila siku, mzee? Kisha gari huwashwa, naye huenda nyuma kuutazama moshi. Wa buluu ni oili inayoungua: ringi au sili za valvu zimechoka. Mweusi ni petroli kuzidi hewa. Mweupe mzito, usiokoma hata injini ikipata moto, humfanya afungue kifuniko cha oili, na akikuta utando wa rangi ya maziwa huanza kuishuku gasketi ya silinda hedi. Lakini hakati shauri hapo. Gari la safari fupi fupi nalo hufanya utando huo kwa mvuke tu, kwa hiyo ataangalia kwanza kama maji kwenye rejeta yanapungua.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi anavyoshughulikia kumisi. Injini ya 1NZ-FE, ya cc 1,500, iliyomo katika Probox nyingi, ina silinda nne, na kila silinda ina koili yake. Mashine ya kusoma kompyuta ikitoa P0302, imesema silinda ya pili haichomi sawasawa. Haikusema kwa nini. Yaweza kuwa plagi, koili, injekta, au kompresheni iliyokwisha. Mwenye haraka huagiza parti papo hapo. Mwenye ujuzi hung'oa koili ya silinda ya pili akaihamishia ya tatu, na ya tatu akaileta ya pili, akafuta namba ile, akaliendesha gari. Ikija P0303, kasoro imehama pamoja na koili, na koili ndiyo mbovu. Ikirudi P0302, koili ni nzima, na zamu ni ya plagi. Hakuna shilingi iliyotumika, na jibu limepatikana. Hoja safi kama hiyo ni adimu hata kwa watu waliosomea hoja.

Kuchemka nako kuna mtihani wake. Wengi wamezoea kung'oa themostati gari linapochemka. Joto hushuka, mteja hufurahi, lakini kompyuta huiona injini kuwa baridi na kuzidi kuimwagia petroli, ilhali chanzo kiko palepale: rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, pampu ya maji iliyochoka, au kofia ya rejeta. Kofia hiyo haihesabiwi, na ni kosa. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka karibu nyuzi 95, na ni presha inayoshikiliwa na kofia inayoyafanya yavumilie zaidi ya nyuzi 110. Springi yake ikilegea, mlima mmoja unatosha. Namheshimu sana fundi anayeijaribu kofia kwanza, kisha akairudisha themostati iliyotupwa na mwenzake.

Ujuzi huu hulipwa vibaya. Wateja hulipia parti wanayoiona, si muda wa kufikiri. Ukifika gereji, mweleze fundi dalili zote ulizoziona, wala usimwagize cha kubadilisha. Na akiipata kasoro baada ya saa mbili bila kubadilisha kitu, mlipe saa zake mbili.