Herufi za Udongo za Palace Green

Nyumba namba 10 ya mtaa wa Palace Green, eneo la Kensington mjini London, ina kibao cha duara ukutani, rangi ya buluu, maandishi meupe. Kinamtaja Mfalme Haakon VII, aliyezaliwa 1872 na kufariki 1957, na kueleza kwamba hapa ndipo alipoongoza serikali ya Norway iliyokuwa uhamishoni, kuanzia 1940 hadi 1945. Hakina sifa wala picha. Maneno yake yanahesabika, na ni uchache huo unaonifanya niistahi kazi ya waliokitengeneza.

Maana maneno hayo yamebeba mengi. Wajerumani waliivamia Norway tarehe 9 Aprili 1940, na siku iliyofuata wakamtaka mfalme amteue Vidkun Quisling, Mnorwe aliyekuwa upande wao, kuwa waziri mkuu. Haakon aliwaambia mawaziri wake kwamba ni heri aache kiti cha enzi kuliko kutia mkono katika jambo hilo. Tarehe 7 Juni aliondoka Tromsø kwa manowari ya Uingereza, akifuatana na Waziri Mkuu Johan Nygaardsvold na serikali yake. Kutoka London sauti yake iliwafikia wananchi kwa redio, nao nyumbani wakawa wanachora H7 kwenye kuta, alama ya mfalme wao, mbele ya macho ya wavamizi. Alirudi Oslo tarehe 7 Juni 1945, miaka mitano kamili tangu aondoke.

Sasa tazama jinsi mfinyanzi anavyoyaweka hayo kwenye duara lenye upana wa milimita 495. Huanza na udongo uliolainishwa kwa maji hadi ukawa uji mzito, akaumimina kwenye kalibu. Udongo husinyaa ukikauka, ukasinyaa tena ukichomwa, kwa hiyo kalibu lazima iwe kubwa kuliko kibao kinachotakiwa. Akiharakisha kukausha, kibao hupinda au hupasuka, na kazi yote huanza upya. Kinachotoka ni bamba nene la kama milimita 50, uso wake umebenuka kidogo katikati ili mvua iteremke na kuondoka na vumbi.

Kisha huja kazi ya herufi, na hapa ndipo ninapotamani kila mtu asimame atazame. Maandishi hupangwa kwanza, nafasi kati ya neno na neno ikipimwa kwa jicho na kwa rula, ndipo michoro ya herufi ihamishiwe kwenye udongo. Fundi huchukua chombo chenye mdomo mwembamba kilichojaa uji wa udongo, akakiminya taratibu kama mchora hina anavyominya koni yake, akifuata ukingo wa kila herufi. Mkono ukitetemeka, ukingo unavimba; ukisita, unakatika. Herufi O inadai mzunguko mmoja usioonyesha ulipoanzia.

Ukingo huo si pambo. Rangi za vibao hivi ni za unga wa kioo, na ndani ya tanuri huyeyuka kabisa. Bila kizuizi, nyeupe ingetiririkia buluu na jina likapotea. Kijikuta kile cha udongo, chembamba kama uzi, huizuia nyeupe ndani ya herufi na buluu nje yake hadi zote mbili zigande. Ndiyo maana herufi zimeinuka kidogo, na ndiyo maana jua na mvua haviwezi kuzifuta: rangi imeshakuwa kioo kilichoshikana na udongo. Mwishowe mwashi huchimba ukuta kwa kipimo cha kibao, akakilaza humo hadi kiwe sehemu ya jengo.

Utulivu huu wa sura haukuja mara moja. Mbunge William Ewart alilitoa wazo la vibao bungeni mwaka 1863, na cha kwanza, cha mshairi Byron, kiliwekwa 1867. Vibao vya zamani vingi vilikuwa vya kahawia, vimezungushiwa mapambo. Mwaka 1938 mwanafunzi wa chuo cha sanaa cha Central School of Arts and Crafts, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, alilipwa gini nne kwa mchoro mpya. Aliondoa mapambo hayo, maandishi yakapata nafasi ya kupumua. Vibao vya London vimezidi 1,000 sasa, na mchoro wake bado ndio msingi wao.

Leo bati lililochapwa kwa mashine lingegharimu kidogo na kuwa tayari upesi. Lakini bati huchuja rangi na kupata kutu, na mara nyingi wepesi wa kuchapa huzaa maneno mengi. Udongo unamlazimisha mwandishi kuchagua, kwa kuwa kila herufi itapitiwa na mkono wa mtu. Kwa hiyo popote jamii inapotaka kumkumbuka mtu wake ukutani, nashauri ifanye hivi: ipunguze maneno hadi yabaki ya kweli tupu, impe fundi muda anaouhitaji, na imlipe stahiki yake. Mtu aliyesimama imara katika saa ngumu anastahili herufi zilizoandikwa bila haraka.