Maneno Mawili ya Kuondoa

"Chanjo ya kwanza ya matumbwitumbwi ilitengenezwa Marekani mwaka 1967." Sentensi ilikuwa imetulia kwenye kompyuta, na mimi nisingeiona kasoro. Mwalimu aliitazama kama muuza duka anavyoitazama noti ya elfu kumi ya mteja asiyemjua. Aliisoma kwa sauti, akaisoma tena kimyakimya, kisha akasema, "Hii ina uongo ndani. Ngoja niutafute."

Ni mwalimu wa biolojia wa sekondari, hapa Tanga, na usiku huhariri makala za tiba katika Wikipedia ya Kiswahili. Hakuna anayemlipa. Jina lake halionekani popote, maana hutumia jina la kubuni ambalo hata mkewe hulicheka. Nilikwenda kwake kuazima kitabu nikakaa mpaka saa sita usiku. Siku mbili zilizofuata nilirudi bila kisingizio cha kitabu.

Uongo ulikuwa kwenye maneno mawili, "ya kwanza". Marekani yenyewe iliruhusu chanjo ya matumbwitumbwi tangu 1948, ile ya virusi vilivyouawa. Kinga yake haikudumu, ikaachwa, na walio wengi wakaisahau. Basi, nikamwambia, andika "chanjo ya kwanza ya kirusi hai", yaishe. Akatikisa kichwa. Huko Leningrad, katika Umoja wa Kisovyeti, mtafiti Anatoli Smorodintsev na wenzake walikuwa wakikidhoofisha kirusi hichohicho tangu miaka ya 1950. Akafuta "ya kwanza". Akafuta na "ilitengenezwa", kwa sababu kutengeneza chanjo ni kazi ya miaka na haina siku moja ya kuandikwa. Sentensi ikawa: "Chanjo ya kirusi hai iitwayo Jeryl Lynn iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1967." Haina mbwembwe za ile ya mwanzo, lakini ukiigonga haitoi sauti ya debe tupu. Ilimchukua dakika arobaini, na chai yake ikapoa.

Jeryl Lynn ni jina la mtoto, na hapo nikadhani nimempata Mwalimu. Machi 1963, huko Pennsylvania, msichana wa miaka mitano aliamka usiku koo likimuuma, shavu limevimba. Baba yake, Maurice Hilleman, alikuwa mtafiti wa chanjo katika kampuni ya Merck. Akaendesha gari hadi maabara, akarudi na vifaa, akapitisha pamba kooni mwa mwanawe na kuihifadhi sampuli ile. Kirusi kikaoteshwa ndani ya mayai ya kuku yenye viinitete, kisha kwenye seli za viinitete vya kuku, mara baada ya mara, mpaka kikazoea maisha ya kuku na kupoteza ukali wake kwa binadamu. Baadaye mdogo wake, Kirsten, akawa miongoni mwa watoto waliochanjwa kwa kirusi kilichotoka kooni mwa dada yake. Mwandishi gani ataiacha hadithi kama hiyo?

Mwalimu aliiacha. Aliipa sentensi mbili tu. "Ndugu yangu, hii ni makala ya chanjo. Hilleman ana makala yake." Akabakiza mtoto, mwaka, mayai na jina. Akaongeza jambo ambalo sikulijua kabisa: uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba kirusi cha Jeryl Lynn ni mchanganyiko wa aina mbili. "Koo moja, wageni wawili," alisema akicheka, na mzaha huo nao hakuuandika.

Mimi ningeshindwa. Sisi wa magazeti tumefundishwa kumshika msomaji kola tangu mstari wa kwanza, na ukituondolea mtoto mgonjwa usiku wa manane umetunyang'anya mkate. Mwalimu hamshiki mtu kola. Anamwandikia yule anayeingia kwenye makala akiwa na swali moja na haraka yake, akitaka kupata jibu na kuondoka.

Jioni ya pili yote iliishia kwenye asilimia. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kiliandika kwa miaka mingi kwamba dozi moja ya chanjo ya pamoja ya surua, matumbwitumbwi na rubela ina ufanisi wa asilimia 78 dhidi ya matumbwitumbwi, na dozi mbili asilimia 88. Mapitio ya Cochrane ya 2020, yaliyokusanya tafiti nyingi na kuzipima pamoja, yakatoa 72 na 86. Mtu mwingine angechagua namba inayompendeza. Mwingine angetafuta wastani, dhambi ambayo Mwalimu huitaja kwa uso wa mtu aliyeonja maziwa yaliyochacha. Yeye aliweka namba za Cochrane, akataja na mwaka wake, kwa kuwa mapitio yanayojumlisha tafiti hubeba uzito zaidi kuliko utafiti mmoja mmoja, na kwa kuwa mwaka humwonya msomaji kwamba hesabu hizi huweza kubadilika.

Lakini namba yenyewe haikumtosha. Alijua wanafunzi wake wangesoma "asilimia 86" wakadhani watoto 14 kati ya kila 100 waliochanjwa lazima waugue. Akachukua karatasi, akanichorea. Chukua watoto 100 wasiochanjwa, ugonjwa uingie kati yao, tuseme 50 waugue. Sasa chukua 100 wengine wa hali ileile, waliopata dozi mbili, na ugonjwa uwafikie vilevile. Hapo wataugua kama 7. Punguzo kutoka 50 hadi 7 ndilo hiyo asilimia 86. Kisha akarudi juu kabisa, kwenye sentensi ya ufunguzi iliyosema chanjo "huzuia" ugonjwa, akabadili neno moja: "hupunguza uwezekano wa kuugua". Nilimwuliza kama kuna atakayeiona tofauti hiyo. Akanijibu kwamba ataiona mzazi ambaye mwanawe alichanjwa na bado akaugua. Mzazi huyo akikuta "huzuia", hataamini tena mstari wowote unaofuata.

Kiswahili nacho kina madai yake. Makala iitwe nini? Wako wanaosema matumbwitumbwi, wako wanaosema machubwichubwi, na kamusi zina perema pia. Alichagua la kwanza kuwa kichwa, mengine akayaweka kwenye sentensi ya kwanza, na kila jina akalifungulia njia ili anayelitafuta afike palepale. Neno "hai" kwenye "kirusi hai kilichodhoofishwa" lilimsumbua zaidi, kwani linatisha. Nilidhani atalilainisha. Akaliacha lilivyo, kwa sababu uhai huo ndio unaofanya mjamzito au mtu ambaye kinga yake imeporomoka asipewe chanjo hii. Hofu ndogo ya msomaji, alisema, ni nafuu kuliko kumficha sababu.

Aya ya madhara ndiyo iliyonifanya nimheshimu mtu huyu. Kuna aina ya kirusi cha chanjo iitwayo Urabe, iliyotoka Japani. Ilikinga vizuri, lakini baadhi ya waliochanjwa walipata uvimbe wa utando wa ubongo. Uingereza iliacha kutumia chanjo zenye Urabe mwaka 1992, na Japani ikasimamisha chanjo yake ya pamoja mwaka uliofuata. Aya aliyoikuta ilisema "chanjo ya matumbwitumbwi husababisha homa ya uti wa mgongo". Kila neno hapo lina punje ya ukweli, lakini maneno hayo yakiunganishwa yanapotosha. Kwetu "uti wa mgongo" ni ule wa bakteria, wa milipuko na misiba. Akaandika "uvimbe wa utando wa ubongo usiotokana na bakteria". Pa "chanjo" akaandika "chanjo zenye aina ya Urabe", akaweka nchi na miaka. Hakufuta tuhuma wala hakuitetea chanjo. Aliipeleka lawama kwa mwenyewe, ikaishia hapo. Aina ya Rubini, iliyoonekana kukinga vibaya hata Shirika la Afya Duniani likashauri isitumike, aliimaliza kwa mstari mmoja. Daktari Wakefield na makala yake ya 1998 iliyoihusisha chanjo ya pamoja na usonji, iliyofutwa na jarida la The Lancet mwaka 2010, hakumpa hata mstari, ila kiungo cha kwenda kwenye makala ya chanjo ya pamoja, kwani huko ndiko kesi hiyo iliko.

Kisha akauliza swali ambalo makala za Kiingereza hazilazimiki kuliuliza: anayesoma haya yuko wapi? Mama wa Muscat au London anayezungumza Kiswahili ana mtoto anayepewa chanjo hii kwa ratiba. Mama wa hapa Tanga, au wa Mombasa, akienda kliniki mwanawe hupata surua-rubela, na matumbwitumbwi hayamo. Akisoma makala bila kuambiwa hilo ataamini kadi ya mwanawe ina pengo, au muuguzi amemdhulumu. Mwalimu akaandika kwamba ratiba hutofautiana nchi kwa nchi, akataja Tanzania na Kenya. Ilikuwa aya fupi, lakini aliiandika mara sita.

Kabla hajachapisha, nilimletea zawadi yangu. Nilipougua machubwichubwi utotoni, bibi alinipaka masizi ya chungu mashavuni, nikazunguka nyumba nzima kama paka shume. Hicho si kitu cha kwetu, nikamwambia, kinachostahili kuingia? Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka sana, akauliza bibi alitumia chungu gani. Halafu akaniuliza, "Imeandikwa wapi?" Haikuwa imeandikwa popote. Akanimiminia chai nyingine.

Akachapisha saa tano na nusu. Kwenye kisanduku cha maelezo ya mabadiliko aliandika: "Nimeondoa 'ya kwanza', nimefafanua asilimia, Urabe." Siku tatu za kazi kwa maneno sita.

Asubuhi nilimkuta barazani na simu mkononi. Usiku ule ule mtu asiyejulikana alikuwa amerudisha "ya kwanza", bila chanzo na bila neno. Mimi nilipandwa na hasira kwa niaba yake. Mwalimu alisogeza kikombe pembeni, akafungua ukurasa wa majadiliano, akaanza kuandika kwa kidole kimoja: "Ndugu, asante kwa kuisoma makala hii kwa makini. Kuhusu mwaka 1948..."